Umechaguliwa mwenyekiti wa kikundi cha hisa: jinsi ya kujifunza kuongoza, mkutano kwa mkutano

Wenyeviti wengi wa vikundi vya hisa hawakuchaguliwa kwa kuwa wanajua kuongoza. Mmoja ana sauti, mwingine ana duka, mwingine uwanja wake una mwembe wenye kivuli kizuri, na yupo aliyechaguliwa kwa sababu wenzake wote walikataa. Wiki inayofuata amekaa mbele ya watu 25 na sanduku la fedha zao, hajui aanzie wapi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Tunazungumzia kikundi cha kuweka na kukopa kinachokutana kila wiki, kwa mtindo ulioanzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ambao leo umeenea Afrika Mashariki yote. Wanachama ni kati ya 15 na 30, sanduku ni la chuma lenye kufuli tatu, kila mtu ana kitabu cha hisa kinachopigwa muhuri, na mzunguko ni wa miezi 9 hadi 12, kisha watu wanagawana. Anayeongoza kikoba, chama cha kuzungusha au kamati ya kisima atakuta sehemu kubwa inamhusu.

Kwanza, jua kiti chako hakina nini

Kamati ina watu watano: mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili. Funguo tatu zinakaa kwa wanachama watatu walio nje ya kamati. Ukiitazama orodha hiyo vizuri utagundua kwamba mwenyekiti hana ufunguo, halazi sanduku kwake, haandiki daftari wala hashiki noti. Amebakiwa na mpangilio wa mkutano, kanuni, na namna anavyosema na watu. Ndiyo maana kiti hiki ni mahali pazuri pa kujifunzia uongozi: huna cha kuwalazimishia watu.

Mwenyekiti mchangamfu huharibu hapa hapa, tena kwa nia njema. Mwenye ufunguo anasafiri, anamwachia yeye. Katibu ameuguliwa, yeye anaandika. Sanduku limelala kwake mara moja kwa sababu mvua ilikuwa kubwa. Kufikia mwezi wa nne kila kitu kiko mikononi mwake, na ingawa hajagusa hata senti, siku hesabu ikipungua 10,000 hana wa kumtetea. Kwa hiyo mtu akikuletea ufunguo, usiupokee. Mwelekeze kwa mwanachama mwingine asiye kiongozi, na mkutano ukifunguliwa itajwe nani ameshika. Utaonekana mgumu kwa wiki mbili hivi. Vumilia.

Wiki ya kabla ya mkutano wako wa kwanza

Chukua katiba ya kikundi, uandike kwa mkono kwenye karatasi moja vifungu vinne: faini, ukomo wa mkopo, matumizi ya mfuko wa jamii (fedha za kusaidiana kwenye shida), na namna ya kumwondoa kiongozi. Kuandika kwa mkono kunakaa kichwani kuliko kupiga picha kwa simu. Mwenyekiti anayeuliza mbele ya watu, “Hivi faini ya kuchelewa ni shilingi ngapi?” amewapa wajanja ruhusa ya kubishana na kila faini hadi mwisho wa mzunguko.

Kifungu cha kumwondoa kiongozi kikikosekana, omba kiongezwe mkutano wa kwanza kabisa. Mtu anayeomba mwenyewe iwekwe kanuni ya kumtoa hahitaji hotuba ya kuwaomba wamwamini.

Halafu jipime. Tafuta watu watatu: mmoja anayekupenda, mmoja mliyewahi kukwaruzana kwenye biashara, na mmoja aliye mdogo kwako kiumri. Usiwaulize kama wewe ni kiongozi mzuri, maana watakujibu kwa adabu na hutajifunza kitu. Waulize hivi: nikikasirika, mnajuaje? Ni lini niliahidi jambo nikasahau? Nikiongea mbele za watu, nakuwa mrefu wapi? Yule mdogo hatakwambia ukweli mkiwa mmekaa ana kwa ana. Muulize mkiwa njiani au mkichambua mchele, macho yakiwa kwenye kazi. Katika majibu yote chagua kasoro moja tu ya kushughulikia kwa mikutano minne ya mwanzo. Anayetaka kurekebisha tabia tano kwa pamoja hurudia zote tano mwezi wa pili.

Saa

Mkutano ukiwa saa 10 jioni, wewe fika saa 9:40. Tandika mikeka nusu duara, kila mtu akae kwa namba yake ya uanachama, sanduku liwe mahali ambapo hata wa mwisho analiona. Saa 10 kamili fungua, hata wakiwa sita: dua, kisha kuita namba. Sanduku litasubiri wenye funguo na mikopo itasubiri akidi, lakini mkutano umeanza na aliyechelewa anajua amechelewa. Ukisema “tungoje wenzetu kidogo”, umewaambia waliowahi kwamba kuwahi kwao ni ujinga, na wiki ijayo nao watakuja saa 10:30. Ukishika mstari huu, kwa kawaida watu wanajirekebisha kufikia mkutano wa tatu au wa nne.

Siku ukichelewa wewe, na itatokea, lipa faini kabla hujaitwa namba yako. Lipa bila maelezo. Kisa kirefu cha daladala kinaigeuza faini kuwa mjadala, na kila atakayechelewa baada yako atakuja na kisa chake. Msiba na ugonjwa vipewe utaratibu ulioandikwa, kwa mfano kwamba aliyetoa taarifa kabla ya mkutano hatozwi. Huruma isiyoandikwa inakuwa upendeleo, hata kama hukukusudia.

Mtiririko wa mkutano, na mahali unapokwama

Baada ya kuita namba, wenye funguo wanafungua. Waulize wanachama salio la wiki iliyopita kwa kichwa, la mfuko wa jamii na la hisa, kisha wahesabu fedha wahesabu kwa sauti mbele ya wote ili ionekane vinalingana. Unafuata mchango wa mfuko wa jamii, hisa, marejesho, maombi ya mikopo, mengineyo. Mwisho fedha zinahesabiwa tena, watu wote wanakariri salio jipya, kufuli zinafungwa. Hisa ikiwa 2,000 na mtu anaruhusiwa kununua moja hadi tano, watu 25 hawawezi kuweka zaidi ya 250,000 kwa mkutano. Weka namba hiyo kichwani ili ukisikia 265,000 ushtuke papo hapo.

Kikundi kilichozoea humaliza kwa saa moja na nusu. Mkichukua saa tatu, kosa karibu kila mara liko kwenye mengineyo. Yape dakika 15, mtu mmoja asiye wewe ashike saa, na jambo lisilokwisha liandikwe liwe la kwanza kwenye mengineyo ya wiki ijayo. Kukariri salio, ambako wengi hukuruka wakiona ni mambo ya shule, usikuache. Watu 25 wanaojua salio kwa kichwa ni ulinzi kuliko kufuli zote tatu, tena ndiko kunakomfanya asiyejua kusoma awe sawa na katibu.

Kusema mwisho

Kati ya ujuzi wote tunaoutaja hapa, huu ndio mgumu kwa watu wenye sauti, na wenye sauti ndio huchaguliwa. Ukianza mjadala kwa “mimi naona”, umeufunga. Wadogo hawatakupinga, na wenye deni kwenye duka lako hawatathubutu.

Fanya hivi. Eleza swali kwa sentensi moja: “Namba 9 ameomba mkopo wa 150,000 wa kununua mashine ya kusaga karanga.” Taja kifungu kinachohusika: mkopo usizidi mara tatu ya hisa zake, na hisa zake ni shilingi ngapi. Kisha nyamaza, uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Utaiona ni nusu saa. Wenyeviti wengi wanakatisha wakifika nne, wanajijibu wenyewe, halafu wanalalamika kwamba wanachama hawachangii mawazo.

Wasipojitokeza, ita kwa namba: “Namba 17, tusikie.” Namba haina ukoo wala cheo, na aliyeitwa hivyo haoni kama ameonewa. Kuhusu wazee, usiwaache waanze, kwa sababu mzee akishasema vijana watakubali tu. Usiwavunjie heshima pia. Sema, “Tuanze na vijana, wazee watufungie.” Mzee anapewa nafasi yenye hadhi zaidi, na kijana amesema bila kumpinga mtu.

Mwombe katibu aweke mstari mmoja pembeni ya daftari kila unapofungua mdomo nje ya taratibu za mkutano, kisha hesabuni mwishoni. Usijitetee, tazama tu kama wiki ijayo mistari imepungua.

Jambo likigusa mtu, kwa mfano kumpokea mwanachama mpya au kumtoa kiongozi, msinyooshe mikono. Mpe kila mmoja punje moja ya haragwe na moja ya hindi. Haragwe ni ndiyo, hindi ni hapana. Kuwe na mifuko miwili isiyoonyesha kilicho ndani: wa kura, na wa kutupia punje iliyobaki. Mtu anaingiza ngumi iliyofumbwa kwenye mifuko yote miwili. Mfuko wa pili mkiusahau, atakayebaki na haragwe mkononi atajulikana alipiga nini.

Daftari la ahadi

Nunua daftari dogo la kurasa 32, uligawe safu tatu: niliahidi nini, kwa nani, lini. Kila mkutano, kabla ya mengineyo, soma ya wiki iliyopita kwa sauti, ikiwemo ambayo hukuitimiza. Inachukua dakika mbili na inauma vya kutosha kukufanya uahidi kidogo.

Usiahidi kitu ambacho uamuzi wake uko kwa mwingine. Mfano mzuri kwa Tanzania ni ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwenyekiti anasimama na kusema, “Mwaka huu lazima tupate.” Huna mamlaka hayo. Sema, “Jumanne nakwenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, Jumamosi nawaletea orodha ya vinavyotakiwa.” Usajili uutazame kwa jicho hilo hilo. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi viko daraja la nne na husajiliwa kupitia halmashauri. Kenya kuna sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022. Kwenda ofisini, kuuliza na kurudi na majibu ni ahadi iliyo ndani ya uwezo wako.

Mkopo uliochelewa

Hapa ndipo kikundi kinapomjua mwenyekiti wake.

Tuseme mama mmoja, namba 14, ana hisa za 60,000. Alikopa 180,000, ambao ndio ukomo wake, kwa miezi mitatu. Mwezi wa kwanza alirejesha 60,000, mwezi wa pili hakutokea. Kabla ya kwenda popote, piga hesabu. Deni ni 120,000 bila ada ya mkopo, na hisa zake zimeshika 60,000. Kilicho hatarini hasa ni 60,000. Ukijua hivyo hasira inashuka, yako na ya kamati.

Nenda siku moja au mbili baada ya mkutano, usingoje mkutano unaofuata. Nenda mwenyewe, usitume mtu, na usitume sauti kwenye WhatsApp. Kama wewe ni mwanamume na yeye ni mwanamke, fuatana na mwanakamati mwanamke. Ni mkubwa kwako? Shikamoo kwanza, ulizia hali, pokea maji. Lakini usizunguke nusu saa ukiongelea mvua, kwa sababu anajua ulichokuja nacho na kila dakika inamwongezea aibu. Sema: “Mama, Jumamosi hatukukuona, tukawa na wasiwasi. Kuna nini?” Kisha lile zoezi la kuhesabu hadi kumi.

Utakuta mojawapo ya hali tatu. Hana kitu, kwa sababu ya ugonjwa au biashara kukwama. Anazo, ila amezipangia ada ya shule. Au anazo nusu, na ameona aibu kuleta nusu. Hii ya tatu ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani na inamalizwa kwa sentensi moja: “Lete ulichonacho.” Ya pili inahitaji ukweli bila ukali, kwamba fedha hizo nazo ni ada ya mtoto wa mwenzake aliye kwenye foleni ya mkopo. Ya kwanza inahitaji mpango, na mpango utoke kwake, kwa mfano 30,000 kila wiki mbili. Akisema 60,000 wiki ijayo huku unaona duka tupu, mpunguzie, maana ahadi itakayovunjika mbele ya watu itamfukuza kabisa.

Akikuomba umsamehe faini, jibu kama lilivyo: “Kusamehe sina uwezo. Nina uwezo wa kukupa nafasi uongee kabla watu hawajaanza kuongea.” Siku ya mkutano, kwenye marejesho, sema tu, “Namba 14 ana neno.” Aeleze mwenyewe, wanachama waamue, faini ifuate katiba.

Makosa mawili yanajirudia. La kwanza ni kamati kwenda kwake na kubeba sufuria na televisheni. Fedha inayopatikana ni kidogo, sheria inaweza kuwageukia, na wanachama wengine wanaogopa kukopa, hivyo sanduku linakaa na fedha isiyozaa. La pili ni mwenyekiti kulipa kimya kimya kutoka mfukoni mwake. Linaonekana wema, lakini mwezi ujao watakuja watatu.

Na kama mdaiwa ni shemeji yako? Tamka: “Huyu ni ndugu yangu, naomba mchague wa kuongoza kipengele hiki.” Shuka ukakae mkekani kwa namba yako, na usichangie neno. Mkopo wako mwenyewe uombe kwa foleni ile ile, uulipe kabla ya siku.

Ukikosea, na uvumi ukizuka

Tuna msemo wetu: “Kama kuna niliyemkwaza, anisamehe.” Ni maneno mazuri ya kuagana safarini, lakini kwa kosa linalojulikana hayafai, kwa kuwa yanamtwisha aliyekosewa kazi ya kujitaja. Tumia sentensi tatu: nilifanya nini, kimemgharimu nani, narekebisha vipi na lini. “Wiki iliyopita nilimkatisha namba 6 akieleza ombi lake. Ameondoka bila ombi lake kusikilizwa. Leo ataanza yeye.” Ukiongeza ya nne, itakuwa kisingizio.

Uvumi wa fedha uujibu kwa kuhesabu. Usitafute nani amesema. Ukimtafuta, watu watahitimisha kwamba kuna cha kuficha. Ita mkutano, wenye funguo watatu wafungue, wahesabu wahesabu, na mwanachama yeyote aruhusiwe kurudia. Hesabu ikipungua, iandikwe ilivyo. Usiweke nyongeza yako ili ikae sawa, hata kama ni 2,000, kwa kuwa utakuwa umeficha mahali tundu lilipo.

Kwenye kundi la WhatsApp weka saa ya mkutano, taarifa za msiba na picha ya salio mlilokubaliana. Maamuzi ya fedha na majina ya wadaiwa yasiingie humo. Wasimamizi wawe wawili.

Kuachia kiti ukiwa bado umekikalia

Mwezi wa tatu, mpe mwanachama mwingine aongoze mkutano mzima. Mwarifu wiki moja kabla, pitieni mtiririko dakika 20, mkabidhi karatasi yako ya vifungu vinne. Siku yenyewe kaa mkekani. Atakosea, na macho ya watu yatakugeukia. Tazama chini. Ukimsahihisha mbele yao mara moja tu, hakuna atakayekubali mwezi ujao. Baadaye, mkiwa wawili, muulize angebadili nini. Kabla mzunguko haujaisha, wawe wameongoza watatu tofauti.

Siku ya mgao

Mikopo yote iwe imerudi wiki nne kabla. Siku yenyewe kazi yako ni kuipunguza mwendo, kwa sababu kila mtu ana haraka na haraka ndiyo huleta makosa. Mkiwa mmefika wiki 52 na wastani wa hisa mbili kwa kila mmoja wa watu 25, mna hisa 2,600, ambazo kwa bei ya 2,000 ni 5,200,000. Ikiwa ndani ya sanduku kuna 5,980,000, gawanya kwa 2,600: kila hisa sasa ni 2,300. Mwenye hisa 104 anaondoka na 239,200. Aliyebaki na deni hukatwa kwenye hisa zake mbele ya wote. Watu wawili wapige hesabu kwa simu mbili tofauti, wakiwa wamepeana mgongo, na malipo yasianze mpaka majibu yafanane.

Walipwe kwa namba, na wewe ulipwe namba yako inapofika. Uchaguzi wa kamati mpya usifanywe siku hiyo watu wakiwa na fedha mfukoni. Uwe mkutano unaofuata, kwa kokoto, kila mpiga kura akiweka yake kwenye chombo cha anayemtaka, wagombea wote wakiwa wamegeuka, na wewe kama unagombea tena, geuka nao.